Vitini vya mazoezi ya Reading vinavyouzwa Dar: anzia kurasa za nyuma

Steshenari nyingi zilizo karibu na vyuo hapa Dar, iwe Ubungo, Mwenge au Chang'ombe, ukiulizia mazoezi ya Reading (sehemu ya kusoma) ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hutoki mikono mitupu. Kijana wa kaunta anavuta kitini cha fotokopi kutoka rafu ya chini: kimebanwa kwa spairo, plastiki mbele, karatasi ngumu nyuma, ndani majaribio manne na orodha ya maneno. Bei inategemea idadi ya kurasa na uhodari wako wa kupatana. Swali ni kama kinafaa.

Hukumu yetu ndiyo hii. Kitini chenye majibu yaliyoelezwa kwa nini ni sahihi kinastahili hela yako hata kama karatasi yake ni nyepesi kama ya kufungia karanga. Kitini ambacho nyuma kina namba na herufi tu (1 B, 2 D, 3 Not Given) kitakuambia umefeli, kisha kitanyamaza. Cha aina hiyo usikinunue, maana mazoezi ya namna hiyo utayapata bure, kama tutakavyoonyesha. Kwa hiyo ukikabidhiwa kitini usianze na jalada. Kipindue, fungua kurasa za mwisho.

Kukikagua pale pale kaunta

Ukishaona majibu, rudi kwenye maswali uhesabu. Jaribio moja la Reading la IELTS lina maswali 40 na, kwa Academic (aina ya wanaokwenda kusoma chuo), vifungu vitatu. Kwa kawaida maswali hugawanyika 1 hadi 13, 14 hadi 26, 27 hadi 40. Majaribio manne yanatakiwa kukupa vifungu 12 na maswali 160. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa pia. Vitini hivi mara nyingi ni kopi ya kopi, na mashine inayojilisha karatasi yenyewe ikivuta mbili zilizogandana, kurasa zinaruka kutoka 46 hadi 49 bila mtu kugundua. Ukurasa unaopotea ukiwa wa maswali 27 hadi 33, jaribio zima limeharibika, kwa sababu huwezi tena kupata alama ya kulinganisha.

Kasoro ya pili haionekani haraka. Kwenye zoezi la kuoanisha vichwa vya habari na aya, kila aya ina herufi yake, A hadi G, pembeni kushoto. Kitabu kinene kikilazwa kwenye kioo cha mashine bila kukandamizwa, upande wa mshono unatoka mweusi. Kurasa za mkono wa kulia mshono wake uko kushoto, yaani pale pale zilipo herufi. Utakuta aya nzuri kabisa zisizo na majina, na swali linakuuliza aya ipi inataja gharama. Unaweza kuziandika herufi mwenyewe kwa kalamu, ila hakikisha aya hazijaungana kwenye kopi, la sivyo utaita E kile ambacho majibu yanakiita F, na makosa yataendelea hadi mwisho wa kifungu.

Jaribio la tatu ni la uaminifu wa aliyekitunga. Tafuta swali la kujaza nafasi lenye agizo la NO MORE THAN TWO WORDS, kisha nenda kwenye jibu lake. Likiwa na maneno matatu, rudisha kitini rafuni. Katika mtihani wenyewe, ukizidisha idadi ya maneno unakosa alama hiyo hata kama maana ni ile ile. Mtunzi asiyelijua hilo hajui na mengine. (Maneno yaliyounganishwa kwa kistari huhesabiwa kuwa neno moja, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa "well-known".)

Majibu mazuri yanafananaje

Tuchukue kifungu kifupi tulichokitunga kwa ajili ya kupimia. "Cashew trees reached the East African coast in the sixteenth century, carried by Portuguese ships. Today they are grown widely in southern Tanzania, yet most of the crop still leaves the country in its shell."

Chini yake kuna sentensi tatu za True, False au Not Given (kweli, si kweli, au kifungu hakikusema). Ya kwanza: "Cashew trees are native to East Africa." Ya pili: "Only a minority of Tanzania's crop is shelled before export." Ya tatu: "The Portuguese intended to trade in cashew nuts."

Ya kwanza ni False, na wengi huipata: mti ulioletwa na meli si wa asili ya hapa. Ya pili ndiyo inayomaliza watu. Msomaji anajua "shell" ni ganda. Anaona "is shelled", anaelewa "ina ganda", anasoma kwamba ni kidogo tu yenye ganda, anaandika False. Kumbe "to shell" ni kubangua. Sentensi inasema ni sehemu ndogo tu ya korosho inayobanguliwa kabla ya kusafirishwa, na kifungu kimesema nyingi huondoka na maganda yake. Jibu ni True. Maana ya neno moja imegeuza jibu zima, ilhali neno lenyewe mtu anadhani analijua tangu shule.

Ya tatu ni Not Given. Mtu wa Mtwara au Lindi anaijua korosho kuliko mtunga maswali, na ndiyo sababu anakosea: anajibu kwa anachokijua badala ya kilichoandikwa. Kifungu kimesema meli zilileta miti. Nia ya wenye meli haikusemwa, si kwa kukubali wala kwa kukanusha. Ukitaka kutenganisha False na Not Given, tafuta maneno unayoweza kuyapigia mstari yanayopingana na sentensi. Yakiwepo ni False. Kama unachopigia mstari kiko kichwani mwako tu, ni Not Given.

Sasa linganisha na nyuma ya kitini chako. Majibu mazuri yatakutajia mstari wenye ushahidi na neno lililobadilishwa: "in its shell" kwenye kifungu, "is shelled" kwenye swali. Mtihani huu unapima kutambua wazo moja likiwa limevaa maneno mengine. Kasi ya kusoma haiumi sana kama watu wanavyodhani. Vifungu vitatu vya Academic kwa pamoja ni maneno kama 2,150 hadi 2,750. Hata anayesoma taratibu, maneno 150 kwa dakika, anavimaliza kwa dakika zisizofika 19 kati ya 60. Muda uliobaki huliwa na kurudi nyuma kutafuta, kwa sababu mtu anatafuta neno la swali wakati kifungu kimetumia jingine.

Jedwali la bendi, mahali pa kudanganyika

Vitini vingi vinabandika jedwali moja la kubadilisha alama kuwa bendi, yaani daraja la IELTS, na kuchanganya majaribio ya Academic na General Training (aina ya wanaokwenda kufanya kazi au kuhamia nje) bila kutofautisha. Hapo mtu hujipa moyo bure. Kwa Academic, majibu sahihi 23 ni karibu bendi 6, 30 ni karibu bendi 7, 35 ni karibu bendi 8. Kwa General Training, 23 ni karibu bendi 5, 30 ni karibu 6, na bendi 7 inataka kama 34. Mipaka husogea kidogo toleo kwa toleo, lakini tofauti kati ya aina hizo mbili haipotei. Ukipata 30 kwenye General Training ukasomea jedwali la Academic, umejizawadia bendi nzima.

Utazitambuaje? General Training huanza na matangazo, ratiba na vijitangazo vifupi, ikafuatia habari za kazini, kisha kifungu kirefu kimoja. Ukiona tangazo la nyumba ya kupanga au la huduma za hoteli, hiyo si Academic. Na hapo kwenye hoteli tahadhari: sisi tukisema tumekula hotelini tunaweza kuwa tunamaanisha kwa mama ntilie mwenye meza mbili. "Hotel" ya kwenye mtihani ina vyumba vya kulala.

Orodha ya maneno: sehemu dhaifu kuliko zote

Karibu kila kitini kinamalizia na maneno mia kadhaa, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, neno kwa neno. Mara nyingi chanzo chake ni orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotayarishwa na Averil Coxhead mwaka 2000, yenye familia za maneno 570 (familia ni neno pamoja na vinyambuo vyake). Orodha yenyewe ni kazi nzuri. Imegawanywa makundi 10, tisa ya kwanza familia 60 kila moja na la mwisho 30, na kundi la kwanza ndilo lenye maneno yanayojirudia zaidi katika maandishi ya kitaaluma. Watengeneza vitini wanauvunja mpangilio huo na kuupanga upya A hadi Z. Matokeo yake unakutana na "adjacent", lililo kundi la mwisho, kabla ya "assess" na "assume" za kundi la kwanza. Pia maneno yanayofanana sura yanakaa jirani: "adapt", "adequate", "adjacent", "adjust". Baada ya wiki mtu anakumbuka kwamba kuna kitu kinaanza na "ad".

Tafsiri ya neno moja ndiyo hasara kubwa zaidi. "Contract" imeandikwa "mkataba", basi. Kwenye kifungu cha fizikia, "metals contract when cooled", chuma hakiandikiani mkataba na mtu, kinasinyaa. Kwenye kifungu cha afya, "to contract a disease" ni kuupata ugonjwa. "Issue" imeandikwa "toleo", wakati kwenye vifungu vingi ni suala au tatizo. Na kuna vidogo ambavyo havimo kabisa kwenye orodha lakini vinageuza majibu: "hardly" si kwa bidii, "he hardly worked" ni kwamba karibu hakufanya kazi. "A few people came" na "few people came" kwa Kiswahili zote tunaweza kusema wachache walikuja, lakini ya pili inalalamika, inakaribia kusema hawakuja.

Kwa hiyo sehemu hii ya kitini tunaipa sifuri. Ichane, ama itumie kuandikia upande wa nyuma.

Badala yake tumia Anki, programu ya kadi za kukariri inayokurudishia kila neno siku unayokaribia kulisahau. Toleo la Android, AnkiDroid, ni la bure. La iPhone linalipiwa. Kwenye duka la programu zipo nyingine zenye majina yanayokaribiana, kwa hiyo soma jina lote kabla ya kupakua. Ikishaingia kwenye simu haihitaji bando, unarudia kadi zako umesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Tatizo lake ni kwamba inakuja na mipangilio ya mtu asiye na kazi nyingine. Idadi ya kadi mpya imewekwa 20 kwa siku. Wiki ya kwanza ni raha. Baada ya wiki chache marudio yanapita mia kwa siku, mtu anaruka siku mbili, anakuta mlima, anaifuta programu. Punguza hadi 8. Kwa 8 kwa siku, familia 570 zinaingia zote ndani ya siku 72, na wengi wetu tuliomaliza kidato cha nne tunaweza kuruka baadhi, kama "area" na "benefit".

Kadi usiitengeneze kwa mtindo wa kitini. Mbele weka sentensi yenye pengo na herufi ya kwanza: "Metals expand when heated and c… when cooled." Nyuma weka "contract", kusinyaa. Maana ya ugonjwa iwe kadi yake nyingine, na ya mkataba yake. Maana moja, kadi moja. Sentensi ichukue kutoka kifungu ulichokosea, si kutoka kamusi, kwa sababu ile ya kifungu unaikumbuka pamoja na maumivu yake.

Kosa la kawaida ni kwenye vitufe. Ukisahau neno, bonyeza Again. Watu huona aibu, hata kwa simu, wakabonyeza Hard. Kwa Anki, Hard ina maana umekumbuka kwa tabu, kwa hiyo inakusogezea kadi mbele badala ya kukurudisha mwanzo. Baada ya mwezi una kadi 200 "unazozijua" na huzijui. Kadi ukiisahau mara nane, Anki huiwekea alama ya "leech", na kutegemea mipangilio yako huweza kuisimamisha. Usiiache ilivyo, ibadilishe sentensi, maana ndiyo mbovu.

Vya bure na vya mtumba

IELTS inamilikiwa na British Council, IDP na Cambridge, na tovuti zao zina sampuli za Reading na majibu yake bila malipo. Si nyingi kama za kitini, lakini ni za wenyewe: urefu wa kweli, ugumu wa kweli. Tunashauri uanze na moja ya hizo kabla ya kununua chochote, ili ukishika kitini uweze kuhisi kama vifungu vyake ni vyepesi kupita kiasi. Kuziprinti si lazima, na sababu iko mwishoni.

Vitabu halisi vya mtumba vinavyouzwa kando ya barabara mjini Posta ni bora kuliko fotokopi kwa chapa na kwa haki ya mwenye kitabu, kwani kutoa kopi kitabu kizima hakuna ruhusa yake. Shida ni wamiliki wa zamani. Majibu yaliyoandikwa kwa penseli yanafutika. Ya kalamu yanakuharibia, kwa sababu jicho likishaona B haliwezi kujifanya halikuona. Fungua majaribio mawili ya katikati kabla ya kulipa, maana wengi huanza jaribio la kwanza kwa kasi wakaishia hapo, na yanayofuata hubaki safi.

Anayesomea kidato cha nne asinunue kitini hiki kabisa. Maswali ya ufahamu ya NECTA yana sura yake. Baraza huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi, zikiwa na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Ni bure, na hakuna kitini cha mtaani kinachozifikia.

Kitini kimoja, karibu mwezi mzima

Wengi wanakimaliza wikiendi moja. Vifungu 12 vinatosha siku 24 ukivitumia hivi: siku ya kwanza, kifungu kimoja kwa dakika 20 kamili, simu ikiwa mbali, ukijaza majibu moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu. Reading haina dakika za ziada za kuhamisha majibu. Usiache nafasi tupu, kwa kuwa jibu baya halipunguzi alama. Kisha, kabla ya kufungua majibu, chukua kalamu ya rangi nyingine urudie maswali uliyokuwa na shaka nayo bila saa. Ukipata kwa rangi ya pili ulichokosa kwa ya kwanza, tatizo ni muda. Ukikosa mara zote mbili, tatizo ni lugha.

Siku ya pili ni ya makosa peke yake. Kila kosa lipe jina: neno sikulijua, nililijua ila halikuwa na sura ile, niliongeza la kichwani, nilinakili vibaya. Hilo la mwisho lisidharauliwe. "Goverment", "enviroment", na "s" ya wingi iliyosahaulika, kila moja inakula alama kamili, ingawa neno lilikuwa pale kwenye kifungu linasubiri kunakiliwa. Maneno ya aina mbili za kwanza, yasiyozidi manane, yanakwenda kwenye Anki. Kama nyumbani hapakaliki, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ni mahali pazuri pa kufanyia jaribio zima la dakika 60, kwa sababu angalau utakaa kimya na watu wasiokujua, kama siku yenyewe.

Kuhusu kompyuta: kabla hujatumia kitini chochote cha karatasi hadi mwisho, angalia umejisajili kwa mtihani wa aina gani. Wa kwenye kompyuta unaweka kifungu kushoto na maswali kulia, unapaka rangi maneno kwa mausi, na unasogeza kifungu juu na chini. Aliyezoea kupiga mstari kwa penseli na kukumbuka kwamba jibu lilikuwa "chini kabisa ya ukurasa wa pili" anapotea, kwa sababu kwenye skrini hakuna ukurasa wa pili. Kama wako ni wa kompyuta, majaribio matatu ya kwanza fanya kwenye karatasi, la nne liache, na nafasi yake ijazwe na sampuli za kwenye tovuti, ukikaa mbele ya kompyuta yenye skrini kubwa. Simu haitoshi.